Mama Ale Nini ili Mtoto Apumue Vyema

Kifua cha mtoto huanza kuzungumziwa nyumbani siku kinapokuwa kimeshasumbua. Mtoto ana miezi minane, anakohoa tangu mvua zianze, usiku kifua kinapiga mluzi, ameshakunywa chupa mbili tatu za dawa, na kila jirani ana lake la kushauri: mafuta ya karafuu, kitunguu, hata asali, ambayo mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kupewa kabisa. Nataka tuanze mapema zaidi, mtoto akiwa bado tumboni. Sehemu ya kinga atakayoitumia kupambana na mafua, nimonia na pumu huandaliwa wakati huo, na chakula cha mama kina mchango wake.

Niseme jambo moja kabla ya mengine. Pumu hurithiwa, huchochewa na moshi, vumbi na maambukizi, na humpata hata mtoto ambaye mama yake alikula vizuri kuliko wote mtaani. Kwa hiyo mama mwenye mtoto anayeumwa kifua asinyooshewe kidole. Lakini nimonia bado inaua watoto zaidi ya 700,000 walio chini ya miaka mitano kila mwaka duniani, na kinachoweza kufanyika jikoni kupunguza hatari hiyo kifanyike.

Tumbo lina uhusiano gani na kifua? Kwenye utumbo mpana wa kila mmoja wetu wanaishi bakteria wasiohesabika, na wengi wao si maadui. Wanakula kile ambacho sisi tumeshindwa kukisaga, hasa nyuzinyuzi za nafaka, mikunde, mboga na matunda. Wakishazichachua hutoa asidi nyepesi, mojawapo ikiitwa asiteti, zinazoingia kwenye damu na kusafiri mwilini. Asidi hizo huifunza kinga ya mwili kupambana na adui wa kweli na kuacha kurukia vumbi na chavua kana kwamba ni sumu. Njia ya hewa inayorukia kila kitu ndiyo inayovimba na kubana, na hiyo ndiyo pumu.

Mwaka 2015 watafiti wa Australia walichapisha matokeo yaliyowafanya wengi wakae sawa. Panya wenye mimba waliolishwa nyuzinyuzi nyingi, au waliopewa asiteti yenyewe, walizaa watoto ambao mapafu yao hayakupata ugonjwa unaofanana na pumu hata walipochokozwa na utitiri wa vumbi la nyumbani. Walipotazama kina mama, wale waliokuwa na asiteti nyingi zaidi kwenye damu wakati wa ujauzito watoto wao walipelekwa kwa daktari mara chache kwa kikohozi na kifua kubana katika mwaka wa kwanza. Panya si binadamu, na uhusiano uliopimwa kwa akina mama hauthibitishi kila kitu. Hata hivyo ushauri unaotokana nao ni wa kula maharage na mboga, na sioni mjamzito atakayedhurika kwa kuufuata.

Kuna dhana ilienea kwamba kondo la nyuma lenyewe lina bakteria wanaomhamia mtoto tumboni. Mwaka 2019 watafiti wa Cambridge walichunguza makondo ya wanawake zaidi ya 500 na kukuta kondo lenye afya halina jamii yake ya bakteria. Kinachovuka kumfikia mtoto akiwa tumboni ni zile kemikali zinazotengenezwa na bakteria wa mama. Bakteria wenyewe humpata siku ya kuzaliwa: kwenye njia ya uzazi, kinyesi kidogo cha mama, ngozi yake, kisha maziwa yake. Basi jamii atakayorithi mtoto ni ile mama aliyokuwa akiilisha miezi yote tisa.

Na sisi tuna urithi mzuri hapa, ila tunauacha. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kilimanjaro, ulioshirikisha wanaume 77 wenye afya, wengi wao wakibadilishiwa mlo. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye soseji, mkate mweupe na chipsi. Wa mjini wakarudishwa kwenye ndizi, mikunde, mboga na nafaka zisizokobolewa. Wiki mbili tu zilitosha. Waliohamia chakula cha kisasa damu yao ilionyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani na chembe za kinga zao zikazubaa mbele ya vijidudu; waliorudi kwenye chakula cha asili walielekea upande mwingine. Walikuwa wanaume, tena wazima, kwa hiyo utafiti huo hauhusu mimba. Lakini unatuonyesha jinsi kinga inavyosikiliza sahani kwa haraka, na chakula kilichoisaidia ni kile kile bibi zetu walichokuwa wakipika bila kuambiwa na mtu.

Nianze na ugali, kwa kuwa ndio tunaokula kila siku. Sembe nyeupe imeondolewa ganda na kiini, na pamoja navyo zimeondoka nyuzinyuzi nyingi. Dona, mtama, uwele na ulezi vinabaki navyo. Mjamzito anayeweza kula ugali wa dona au wa mtama, na asubuhi akanywa uji wa ulezi badala ya chai na andazi, ameshafika mbali. Tena kina mama wengi wanasumbuliwa na kukosa choo, hasa wakianza vidonge vya kuongeza damu, na hili nalo hupungua.

Dona lakini lina sharti lake, nami huwaomba wasomaji walichukulie kwa uzito. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, yaani pale pale panapobaki kwenye dona. Kenya ilizika zaidi ya watu 100 mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, na Tanzania nayo ilipoteza watu mwaka 2016 Dodoma na Manyara, wote kwa mahindi yaliyoota ukungu. Kwa hiyo kabla ya kwenda mashineni mimina mahindi kwenye ungo, mahali penye mwanga. Toa kila punje iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, yenye ukungu wa kijani au kijivu, au iliyosinyaa na kubadilika rangi. Usizipeleke kwa kuku, maana sumu yake itarudi kwako kwenye yai. Karanga vivyo hivyo: yenye ngozi iliyojikunja na ladha ya uchungu temea mbali. Ukinunua unga uliokwisha kusagwa, nunua wa kiwanda kilichosajiliwa, na kama huna uhakika na chanzo cha mahindi, heri ule sembe na nyuzinyuzi uzitafute kwenye maharage.

Maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu ndiyo chakula ninachokitegemea zaidi katika makala haya. Ni rahisi kupatikana, yana nyuzinyuzi ambazo bakteria wetu wanazipenda, yana protini, na yana foliki asidi ambayo mtoto anaihitaji tangu wiki za mwanzo. Wengi huyakimbia kwa sababu ya gesi na kiungulia. Yaloweke usiku kucha, yamwage maji, yapike kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa. Usitie magadi kuyaharakisha. Magadi yanaua vitamini na kuongeza chumvi ambayo mjamzito mwenye miguu iliyovimba haihitaji. Kama hukuzoea mikunde, anza na vijiko vichache kwa siku, kisha ongeza polepole kadiri wiki zinavyokwenda, maana bakteria nao wanahitaji muda wa kuongezeka. Choroko huiva upesi na hula mkaa kidogo. Kwa mtu wa Pwani, mbaazi za nazi haziniombi maneno ya kuzisifia. Ongeza matembele, mchicha, kisamvu, majani ya kunde au mlenda, na tunda lolote la msimu. Ubuyu nao una nyuzinyuzi na vitamini C, lakini ule usiochovywa kwenye sukari na rangi.

Sasa samaki. Mwaka 2016 watafiti wa Copenhagen walitangaza matokeo ya kina mama 736 wa Denmark waliogawanywa kwa kura. Kuanzia wiki ya 24 ya mimba mpaka wiki moja baada ya kujifungua, nusu walipewa gramu 2.4 kwa siku za mafuta ya samaki ya jamii ya omega-3, nusu wakapewa mafuta ya mzeituni. Katika miaka ya mwanzo ya maisha, asilimia 16.9 ya watoto wa kundi la kwanza walipata pumu au mluzi wa kifua usiokoma, dhidi ya asilimia 23.7 ya kundi la pili. Maambukizi ya mapafu nayo yalikuwa machache. Walionufaika zaidi ni watoto wa kina mama ambao damu yao ilikuwa na kiasi kidogo kabisa cha mafuta hayo walipoanza: asilimia 17.5 dhidi ya 34.1. Kipimo kile ni kikubwa, na sikuahidi kwamba bakuli la dagaa litafanya kazi ya mafuta yale. Ninachokiona ni kwamba mama ambaye hali samaki kabisa ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuanza.

Samaki mara mbili au tatu kwa wiki anatosha, na hatuna haja ya kumtafuta wa bei. Dagaa, ambao Wakenya wa ziwani wanawaita omena, vibua, na saladini wa kopo wanafaa sana. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo mama hupata na madini ya kalisi. Ukiwa sokoni, wachukue kiganjani uwaangalie: walio wazuri wana rangi ya fedha, wamekauka, na harufu yao ni ya samaki tu. Waliogeuka rangi ya kahawia na wenye harufu kali ya mafuta yaliyochacha wameshaharibika mafuta yale yale unayoyatafuta. Waliokaushwa juu ya chanja ni bora kuliko walioanikwa mchangani. Waoshe kwa maji ya moto kuondoa mchanga, wapike na nyanya, kitunguu, mwishoni kamulia ndimu. Tahadhari kwa ndugu zangu wa mwambao: papa na nduaro, hata wakiwa wakavu, hukusanya zebaki kwa kuwa wanakula samaki wengine maisha yao yote. Mimba inapokuwepo, wapisheni kwanza.

Nije kwenye mayai, kwa sababu hapa kuna mwiko unaoniuma. Mjamzito anakatazwa yai eti mtoto atazaliwa bila nywele, au atakuwa mkubwa ashindwe kutoka. Mayai ya kuku wake mwenyewe yanauzwa au yanaliwa na wengine. Yai lina vitamini A, na vitamini hiyo ina uzito wake kwenye mapafu. Huko Nepal, wilaya ya Sarlahi, kina mama waliopewa vitamini A ya kawaida kila wiki kabla, wakati na baada ya ujauzito watoto wao walipimwa mapafu wakiwa na miaka 9 hadi 13, na pumzi zao zilikuwa na nguvu kuliko za wenzao. Kundi lililopewa ile rangi ya njano ya mboga na matunda ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A halikuonyesha faida hiyo waziwazi. Wale walikuwa wanawake wa eneo lenye upungufu mkubwa, kwa hiyo asitoke mtu kwenda kununua vidonge vya vitamini A; vikizidi vinaweza kumdhuru mtoto, na mjamzito hapewi bila kuelekezwa kliniki. Bali vitamini A iliyo tayari kutumika imo kwenye yai, maziwa na dagaa. Yai moja lililoiva vizuri kwa siku halimkoseshi mtoto nywele.

Maini yana vitamini A nyingi mno. Uingereza mjamzito anashauriwa asiyale kabisa. Kwetu huambiwa ayale aongeze damu. Ushauri wangu: miezi mitatu ya mwanzo yaache, baadaye kipande kidogo mara moja moja, na damu uitafute zaidi kwenye nyama ya kawaida, dagaa, mikunde, na vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi unavyopewa kliniki. Vimeze na maji au juisi ya tunda. Chai iachie nafasi ya saa moja hivi kabla au baada ya chakula, kwani huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Vinywaji vyekundu vya dukani haviongezi damu kwa rangi yake. Vingi ni sukari tupu. Na sukari yenyewe ina kesi ya kujibu: Uingereza, kwenye utafiti uliofuatilia karibu jozi 9,000 za mama na mtoto, waliokunywa na kula sukari nyingi zaidi wakati wa ujauzito watoto wao walikuwa na pumu ya mzio mara nyingi zaidi walipofikisha miaka saba hadi tisa. Soda ya kila siku ipunguze.

Hamu ya udongo isifichwe. Udongo huo, ambao huitwa pemba na huuzwa kwa mafungu sokoni, huzuia madini ya chuma, huweza kuwa na mayai ya minyoo na hata madini ya risasi. Mara nyingi hamu hiyo huandamana na upungufu wa damu. Mwambie mkunga, upimwe, usione aibu.

Mtindi ni chakula kizuri, ukitengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela, na brusela huharibu mimba. Chemsha, poza yabaki vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi wa jana ulio salama, funika chombo safi, kesho umepata. Mwanza kulikuwa na utafiti, uliochapishwa mwaka 2014, ambapo kina mama wajawazito walikunywa mtindi wenye bakteria maalumu uliochanganywa na mlonge, na kiwango chao cha zebaki na aseniki kwenye damu hakikupanda kama cha wasiokunywa. Ni utafiti mdogo, lakini ni wetu na unatia moyo. Kuhusu vidonge vya bakteria vinavyouzwa kwa bei kubwa: kwa ukurutu wa ngozi ya mtoto tafiti zimeonyesha nafuu kiasi, kwa pumu hazijaonyesha. Fedha hiyo nunua chakula.

Antibiotiki za kununua dukani bila kupimwa huangamiza bakteria rafiki pamoja na adui. Lakini ukipimwa ukakutwa na maambukizi ya njia ya mkojo, meza dozi uliyopewa mpaka iishe. Ugonjwa huo ukiachwa unaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, na mtoto njiti mapafu yake hayajakomaa. Hakuna mlo utakaolipa hasara hiyo. Vivyo hivyo upasuaji: usiuombe bila sababu, na usiukatae daktari akisema unahitajika. Watoto waliozaliwa kwa upasuaji huanza na bakteria tofauti, ila tofauti hiyo hupungua wanavyokua, na kunyonyeshwa husaidia.

Na moshi wa kuni na mkaa. Huwezi kula vizuri kisha ukakaa saa mbili juu ya mafiga ndani ya jiko lisilo na dirisha. Pikia nje inapowezekana, loweka mikunde ili iive haraka, na mwenye sigara aivutie mbali na nyumba.

Mtoto akizaliwa, awekwe kifuani mwa mama na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Yale maziwa ya mwanzo ya manjano, dang'a, yasikamuliwe na kumwagwa. Maziwa ya mama yana sukari za aina ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuisaga. Zipo kwa ajili ya bakteria wake, hasa jamii ya bifidobakteria, ambao wakishiba huwazuia wabaya wasipate nafasi. Maji, uji mwepesi na dawa za kuondoa gesi kabla ya miezi sita vinavuruga kazi hiyo. Kwa siku atakazopata kifua, jifunze kuhesabu pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60 au zaidi, au wa miezi miwili hadi 11 akifikisha 50, au mbavu za chini zikiingia ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Haya yote nimeyaandika kana kwamba mjamzito ndiye mwenye kuamua kilichomo kwenye sahani yake. Nyumba nyingi haziko hivyo. Anayekwenda sokoni ni mwingine, mwenye fedha ni mwingine, na anayepakua humpa baba mnofu, wageni wafuate, mwenye mimba abaki na mchuzi na ukoko. Kwa hiyo baba, ukirudi nyumbani na fungu la dagaa na nusu kilo ya kunde, sema mbele ya watu kwamba ni za mama mtoto. Nawe mama mkwe, ambaye neno lako kuhusu mayai ndilo linalofuatwa, mpakulie mkamwana yai lake wewe mwenyewe, kabla ya wengine kukaa. Akianza kunyonyesha atahitaji chakula kingi kuliko alichokula akiwa na mimba, na mtindo huo huo uendelee.